Cherehani ya Mama, Vizibo vya Soda na Karanga Zilizovunjika

Mama hapigi simu ovyo. Mguu ukimuuma hasemi, mbuzi wake wakila mihogo ya jirani anayamaliza mwenyewe. Lakini cherehani ilipoanza kuruka mshono alinipigia mara tatu kwa siku moja. "Mwanangu, inashona kidogo vizuri, halafu uzi wa chini unagoma. Njoo uione." Kesho yake nikapanda basi Kampala kabla hapajapambazuka, na mchana nilikuwa nimekalia kigoda chake pale Tororo, mashariki mwa Uganda, bisibisi mkononi, miwani imeteremka puani, ule Mwamba mkubwa wa mji ukituchungulia dirishani.

Mimi si fundi. Fundi alikuwa baba, wa reli, na sisi tulizaliwa kwenye landi za reli, zile nyumba za wafanyakazi, ambako mlango wa kulia walikaa Wateso, wa kushoto Wajopadhola, mbele Wasamia na Waluo, na Mnubi mmoja aliyekuwa na redio. Ugomvi wa bombani haukuweza kuamuliwa kwa lugha ya mtu mmoja, kwa hiyo ukaamuliwa kwa Kiswahili. Kuna Waganda hadi leo wanaosema hii ni lugha ya wanajeshi na wezi. Kwetu ilikuwa lugha ya spana. Na hao hao wanaoikataa, wakitaka kupigilia msumari wanasema *omusumaali*, sijui wanadhani neno lilitoka wapi.

Cherehani yenyewe ni Singer nyeusi yenye maua ya dhahabu yaliyokwisha kufutika pale mkono wa mama unapoegemea. Ilitengenezwa Clydebank, Uskoti, na ilikuwa imeshazeeka baba alipoinunua mwaka 1972, wiki zile Wahindi walipopewa siku 90 wawe wameondoka. Mwenye nayo alikuwa fundi cherehani mwenye duka karibu na soko. Mama hapendi kuzungumzia bei. Ukimuuliza anasema tu, "Baba yako alilipa," kisha anabadilisha habari.

Kwenye kibati kinachofunika bobini kuna maandishi madogo yaliyochongwa, na kati ya hayo neno moja ninalolikumbuka tangu sijajua kusoma vizuri: PATENT, na tarehe zilizolika. Utotoni nilidhani ndilo jina la mwenye cherehani. Bwana Patenti. Nilimwona pia chini ya taa ya chemli na kwenye kufuli la sanduku la baba, nikaamini ni tajiri mkubwa sana aliyekopesha vitu watu wote wa landi.

Tatizo la cherehani lilikuwa dogo ila lilinichukua jua zima kuliona. Acha nieleze, maana hapa ndipo nilipoingia kwenye shimo ambalo sijatoka. Sindano ya mkono tundu lake liko nyuma, kisiginoni. Sindano ya cherehani tundu liko mbele, karibu na ncha. Ukitaka kujua kwa nini, usikanyage pedali. Geuza gurudumu kwa mkono, taratibu. Sindano inashuka na uzi wake, inatoboa kitambaa, inafika chini. Ikianza kupanda, uzi unabaki nyuma kidogo na kufanya kitanzi, kidogo kama punje ya ulezi. Papo hapo kile kijumba cha bobini, ambacho kwenye mashine hii ya mama kina umbo la risasi, kinapitisha ncha yake ndani ya kitanzi kikiburuta uzi wa chini. Nyuzi mbili zimeshikana katikati ya kitambaa. Ncha ikikosa kitanzi kwa upana wa unywele, mshono umeruka. Ya mama ilikuwa imelika. Kijumba kingine nilikuja kukipata soko la Owino, Kampala, kwenye sinia la vyuma vya cherehani, baada ya kuchambua kama anayechambua mchele.

Ila usiku ule, kabla ya Owino, nilitaka kujua kijumba kilitakiwa kuwa na ncha ya namna gani hasa. Nikanunua bando, nikaingia Google Patents, nikaandika jina la Singer. Ikaja karatasi ya tarehe 12 Agosti 1851, hataza ya Marekani (ndiyo hiyo patenti, hati ya kumlinda mvumbuzi) namba 8,294, Isaac Merritt Singer wa New York. Mchoro mzima. Mkono wa mashine, gurudumu, sindano, kila kipande kimepewa herufi, na maelezo yanakuambia herufi hii inasukuma ile. Nilikaa kitandani alikokuwa akilala baba, umeme umekatika, simu ikinimulika usoni, nikamfuatilia mtu aliyekufa mwaka 1875 akinieleza bila kuficha jinsi mashine yake inavyofanya kazi.

Asubuhi nikamsimulia mama, na nilipofika kwenye ugomvi akaacha hata kuchambua maharage.

Maana Singer hakuwa wa kwanza. Mwenye hataza ya mshono wa kufunga kwa nyuzi mbili na sindano yenye tundu nchani alikuwa Elias Howe, namba 4,750, tarehe 10 Septemba 1846. (Kuna hadithi inayosimuliwa sana kwamba Howe aliota amekamatwa na wala watu, na mikuki yao ilikuwa na matundu kwenye ncha, akaamka na jibu. Siiamini. Kila mzungu akikwama kwenye hesabu zake, kumbe sisi tuko ndotoni tunamsubiri na mikuki.) Howe akampeleka Singer mahakamani. Watu wa Singer nao wakatafuta namna ya kumwangusha, wakamfukua mzee mmoja wa New York, Walter Hunt, aliyekuwa ametengeneza mashine ya namna hiyo hiyo mapema miaka ya 1830. Hunt hakuchukua hataza. Inasemekana binti yake alimwambia, baba, ukiitoa hii mashine washonaji wa mkono watalala njaa. Akaiacha. Na kwa sababu aliiacha, mwaka 1854 ushahidi wake haukumfaa Singer: Howe akashinda, Singer akalipa.

Mwaka 1856 wakubwa wa cherehani wakaona wakiendelea kushtakiana watakaokula ni mawakili tu. Wakaunganisha hataza zao kwenye kapu moja, na kila aliyetaka kutengeneza cherehani akalipa kapu. Howe alikuwa akipata dola 5 kwa kila mashine. Kapu lilidumu mpaka 1877, hataza ya mwisho ilipoisha muda. Mwaka huo huo wa 1856 mshirika wa Singer, Edward Clark, alianza kuuza cherehani kwa kulipa kidogo kidogo, na ukiniuliza mimi huo ndio uvumbuzi uliozifikisha cherehani kwenye vibaraza vya dunia nzima. Hakuna mchoro wenye herufi uliohitajika hapo.

"Na yule mzee wa binti yake?" mama akauliza.

Nikamwambia Hunt huyo huyo, mwaka 1849, alikuwa na deni la dola 15. Akakaa akikunja kipande cha waya mpaka kikawa pini, ile pini yenye kifuniko na mgongo unaodunda, ya kufungia nepi. Akapata hataza namba 6,281, akaiuza kwa dola 400, akalipa deni lake. Mama akagusa kifuani. Kwenye sidiria yake, kama wanawake wote wa rika lake niliowahi kuwajua, huwa kuna pini mbili zimechomekwa kwa ajili ya dharura.

"Dola mia nne," akasema. "Pini zote hizi?"

Pini zote hizi.

Kiswahili sanifu kinaita hati hii hataza. Sijawahi kumsikia mtu akilitamka neno hilo Katwe, mtaa wa mafundi kule Kampala, wala Tororo. Watu wanasema patenti, na wengi wanachanganya na jina la biashara au na haki ya wanamuziki. Lakini neno la kizungu lenyewe limetoka kwenye Kilatini, barua za wazi, barua ya mfalme ambayo haikukunjwa na kufungwa kwa nta bali ilining'inizwa muhuri ili yeyote asome. Hilo la uwazi ndilo lililonishangaza. Maisha yangu yote nilidhani patenti ni ukuta: hii yangu, usiguse. Ukuta upo, ni kweli, ila una bei. Unaruhusiwa kuwazuia wenzako kwa miaka kadhaa, na kwa malipo ya hiyo ruhusa unaanika kila kitu, mchoro na maelezo, kiasi kwamba fundi mwingine wa kazi hiyo akisoma aweze kutengeneza. Miaka ikiisha, ukuta unaanguka na karatasi inabaki.

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Barua ya wazi ni kuilazimisha kata itoe ushahidi.

Nilipoanza kuwatafuta hawa watu sikuweza kuacha. Mchana wa siku ya pili mvua ya Tororo ilinyesha, ile ya radi, na chini ya mabati hakuna mazungumzo. Basi nikayatafuta mabati. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa bandari za London, hataza ya mwaka 1829. Alichofanya ni kuligeuza bati bapa kuwa mawimbi. Ukidhani ni mapambo, chukua karatasi ya daftari uilaze juu ya vikombe viwili kama daraja. Inajikunja yenyewe kwa aibu. Ikunje kunja ndogo ndogo kama feni ya kanisani, iweke tena, kisha iwekee simu juu. Inabeba. Karatasi ni ile ile. Ndiyo maana bati la geji 30, ambalo likiwa bapa mtoto angelipinda, linavuka kutoka boriti hadi boriti na kubeba fundi anayetembea juu yake akivuta sigara. Hataza ya Palmer ilikuwa ya miaka 14. Aliiuza kwa Richard Walker, waliyekuwa wakifanya kazi pamoja pale bandarini, na 1843 ilipokwisha kila mwenye karakana akawa huru kukunja bati. Kupaka zinki ili lisile kutu ni kazi ya Mfaransa, Stanislas Sorel, mwaka 1837.

Sasa, juu ya paa la mama, kila msumari umevaa kizibo cha soda kilichopondwa. Nani asiyejua hilo? Unakusanya vizibo hotelini, unavilaza, unavigonga kwa nyundo, unavitoboa, msumari unapita, na maji hayapati njia. Duka linauza misumari ya mabati yenye kichwa kipana, lakini baba alikuwa mtu wa reli na mtu wa reli hatupi chuma. Kizibo hicho ni cha William Painter wa Baltimore, hataza namba 468,226 ya tarehe 2 Februari 1892. Kabla yake kufunga chupa ya kinywaji chenye gesi ilikuwa vita, kuna vizibo vya waya na mipira na marumaru, vyote vinavuja. Painter akaweka bati lenye meno pembeni na kipande cha koki ndani, likikazwa shingoni gesi haitoki. Cha kwanza kilikuwa na meno 24. Chukua cha leo uhesabu: 21. Nilihesabu vinne nikakosea viwili, mama akanisahihisha kwa kupapasa tu kwa kidole, hakuangalia. Shuleni ndivyo walivyojifunzia hesabu, vizibo kwenye mfuko wa kitambaa, kumi kumi.

Painter aliwahi kumshauri mmoja wa wauzaji wake abuni kitu cha kutumia mara moja na kutupa, mteja arudi tena. Muuzaji huyo aliitwa King Camp Gillette. Hataza ya wembe wake ilitoka tarehe 15 Novemba 1904. Kwa hiyo kizibo kilizaa wembe. Na sisi tukakataa kutupa vyote viwili: kizibo kikapanda paani, wembe ukapasuliwa katikati, nusu ya kuchongea penseli, nusu ya kufumulia mshono.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote hivi ni cha tairi, na nilikifikiria vizuri siku niliyoshuka Busia kumwona shangazi. Busia ndiko boda boda ilikozaliwa, baiskeli zikivusha watu na mizigo kipande kile kati ya Uganda na Kenya, mpaka hadi mpaka, *border* ikageuka boda midomoni mwa waendeshaji. Siku hizi ni pikipiki, ila bado kuna wazee wachache na baiskeli zao, na nilipanda ya mmoja wao kwa makusudi. Tairi lake lilikuwa limeshonwa. Ndiyo, limeshonwa, kwa uzi wa nailoni na sindano ya gunia, na ndani ya tairi kuna kipande cha tairi lingine kama kiraka. Kila mzunguko kiti kiliniambia "du", tukapiga hodi hivyo hadi kwa shangazi.

Tunaambiwa tairi la upepo ni la John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, aliyelifunga kwenye baiskeli ya magurudumu matatu ya mtoto wake na kupata hataza mwaka 1888. Kampuni ikaanzishwa, fedha zikaingia. Mwaka 1890 hataza ikafutwa. Kwa nini? Kwa sababu kuna Mskoti mwingine, Robert William Thomson, aliyekuwa ameandikisha jambo hilo hilo mwaka 1845, miaka 43 nyuma, wakati baiskeli za kulitumia hazijakuwapo. Aliyafunga kwenye mabehewa ya farasi, watu wakayastaajabia, kisha wakasahau. Thomson mwenyewe alikufa 1873. Hakuwapo kudai kitu. Lakini karatasi yake ilikuwa bado imelala kwenye kabati la serikali, na siku ilipoamshwa ilimwangusha Dunlop akiwa juu ya farasi. Kampuni ilipona kwa sababu ilikuwa imenunua hataza nyingine za namna ya kulishikiza tairi kwenye rimu.

Chupa ya chai ndiyo kinyume chake, na nitaisema haraka. Iliyopo mezani kwa mama, yenye maua mekundu, babu yake ni chupa ya kuta mbili ya James Dewar wa mwaka 1892. Dewar hakuchukua hataza, alikuwa akitunzia gesi za baridi kwenye maabara yake. Fundi wa vioo wa Berlin, Reinhold Burger, akaona kwamba kinachotunza baridi kitatunza na chai. Akaandikisha, kampuni ya Thermos ikazaliwa 1904, Dewar akaenda mahakamani akarudi mikono mitupu.

Msomaji ataniuliza: na sisi? Wakati hawa wanaandikishana na kushtakiana, fundi wa Uganda alikuwa wapi? Jibu la kisheria ni fupi na linaudhi. Kwa miaka mingi, hata baada ya uhuru, njia ya kupata hataza Uganda ilipita London: upate ya Uingereza kwanza, kisha uje uisajili Kampala. Mpaka Bunge lilipopitisha sheria yetu ya 1991. Sasa kuna Sheria ya Mali ya Viwanda ya 2014, hataza ni miaka 20, na kuna hati ndogo ya uvumbuzi mdogo, ya miaka 10, ambayo naiona inamfaa mtu wa Katwe kuliko ile kubwa. Kuna pia ARIPO, shirika la Kiafrika la kusajili hataza, kule Harare, unaomba mara moja kwa nchi kadhaa. Mlango upo. Lakini jaribu kumwambia fundi aliyevaa ovaroli yenye grisi aende kuandika "madai" ya uvumbuzi wake kwa Kiingereza cha mawakili.

Na si hataza peke yake inayomtenga mtu na mashine. Pamba ilipoanza kulimwa kwa wingi, baada ya Kenneth Borup wa Uganda Company kuleta mbegu mwaka 1903, watu walikuwa wakiichambua kwa mashine ndogo za mkono. Wazo la kuchambua pamba kwa mashine lilikuwa na umri wa karne. Hataza ya Eli Whitney ya mwaka 1794 ilikuwa imekufa zamani, tena ilikuwa mashine nyepesi kuigwa hivi kwamba kila mhunzi wa Marekani ya kusini aliinakili, kesi zikamla Whitney ujana wake, huku mashine yenyewe ikiwaongezea watumwa mashamba ya kufia. Hakuna aliyekuwa na haki ya kumzuia Mganda. Akazuiwa hata hivyo: mwaka 1908 kanuni za Gavana Hesketh Bell ziliziondoa mashine za mkono, kwa maelezo kwamba zinachafua pamba na kuchanganya mbegu. Huenda zilichafua kweli. Ila tangu hapo uchambuzi ukawa wa wenye viwanda, na mkulima akabaki na gunia na foleni.

Katwe ilijifunza kwa njia nyingine. Wahindi walipoondoka spea zikaisha, na zilizopatikana zilikuwa za magendo, bei ya kuua. Kile kilichovunjika kilipelekwa Katwe kikarudi kimefanana. Nimekulia kuwaheshimu mno wale watu. Lakini nikiwaheshimu nawalaumu: nenda leo utafute mchoro mmoja wa enzi hizo. Fundi alifunga mlango alipofika kwenye kipande muhimu, mwanafunzi akatumwa kununua sigara, na aliporudi kipande kimeshafunikwa. Nawaelewa. Ukionyesha, kesho jirani anauza chako kwa nusu bei, na hakuna barua ya wazi ya kukukinga. Basi kila mtu akalala juu ya siri yake.

Hii ndiyo sababu hasa ya kuandika. Nyumba ya tatu kutoka kwa mama alikaa mzee aliyestaafu reli pamoja na baba. Alitengeneza mashine ya kumenya karanga. Mtaa mzima ulipeleka gunia kwake, na karanga zilitoka nzima, na ngozi yake nyekundu, zikiwa tayari kwa mbegu. Wengine waliiga mashine ile, na zao zilivunja. Yeye alicheka. Alikuwa na gunia alilolitundika mbele ya mashine kila alipoifungua, hata mke wake hakuruhusiwa kuchungulia.

Alifariki. Wavu wa chini ukatoboka. Kijana wake, mtu mzima sasa, akaufungua, akaweka wavu mpya, akakaza bolti zote nne sawasawa. Tangu siku hiyo mashine inavunja kama za wengine. Karanga iliyopasuka haioti, inashika ukungu upesi, na wanunuzi wanaitoa kwenye mizani. Amehangaika nayo misimu mitatu.

Niliporudi Tororo na kijumba cha cherehani nilikuwa nimesoma kitu. Mwaka 2001 bwana mmoja aliyekuwa akiishi Marekani, Jock Brandis, alikwenda Mali akaona wanawake wanavyomenya karanga kwa vidole, akaahidi mashine. Alichokuja kubuni, akianzia mchoro wa Kibulgaria, ni pipa la zege lenye koni inayozunguka ndani, na ramani yake akaigawa bure. Siri yake ni nafasi: pana juu, inabana kadiri inavyoshuka, na unaweza kuirekebisha. Ganda kubwa linapasukia juu, dogo linashuka mpaka linapobanwa, na punje iliyokwisha kutoka inapita bila kuguswa.

Nikaenda na simu, nikamwonyesha mchoro. Mashine ya mzee haikuwa ya zege, ilikuwa ngoma ya chuma yenye vipande vya tairi la lori inayosugua juu ya wavu uliopinda. Tukalala chini wote wawili, uvunguni, na tochi. Nafasi kati ya ngoma na wavu ilikuwa moja, kuingilia na kutokea.

"Ulipofungua," nikamuuliza, "bolti zilikuwaje?"

Akafikiri. "Dada, upande wa kutokea zilikuwa na washa nyingi, vile visahani vya chuma vya bolti. Nne, tano hivi, zimepangwa chini ya wavu. Nikadhani mzee alikosa bolti fupi."

Hakusema kitu kingine kwa muda. Washa zenyewe watoto walishazichezea, hazikuwapo. Mama, aliyekuwa amesimama mlangoni na leso yake, akaenda nyumbani akarudi na mfuko wa vizibo. Tukavigonga juu ya jiwe, tukavitoboa kwa msumari, tukalegeza bolti mbili za upande wa kutokea na kuingiza viwili viwili chini ya wavu. Akamwaga kikombe kimoja cha karanga, akazungusha mkono pole pole. Zikatoka tisa kwenye kiganja chake: sita nzima, tatu zimepasuka.

Akazitazama, akachukua spana tena. "Nipe kizibo kingine," akasema. Nami nikatoa daftari, nikaanza kuchora wavu, nikiupa kila upande herufi yake.